Matokeo ya Raga: Namna ya Kuyasoma, na Yale Yasiyoandikwa Ubaoni



Kila Jumatatu asubuhi, sokoni Kamembe, kwenye kituo cha mabasi na mbele ya maduka ya simu, mazungumzo huwa ni yale yale: nani kashinda na nani kashindwa. Kwa mpira wa miguu hakuna anayehitaji kufafanuliwa. Mtu akisikia mbili kwa moja, ameelewa. Lakini inapofika habari ya raga, wengi hubaki wakitazamana. Timu imepata 22 na nyingine 17; je, wamefunga mara 22? Na inakuwaje timu iliyoshindwa irudi nyumbani na pointi katika msimamo wa ligi?

Maswali hayo tumeulizwa mara nyingi na wazazi, walimu na viongozi wa vijiji ambao vijana wao wameanza kuucheza mchezo huu. Wapo pia wanaotuuliza jambo zito zaidi: Polisi inayohimiza amani inawezaje kusimama kando ya uwanja na kuwapigia makofi vijana wanaogongana namna ile? Katika makala haya tutajibu maswali yote mawili. Tutaanza na hesabu, kwa sababu ndani ya hesabu yenyewe mna fundisho. Kisha tutaeleza lile ambalo hesabu haisemi, ambalo ndilo lililotusukuma kuandika.

Mchezo mgeni uliopata wenyeji

Raga haina umri mkubwa nchini Rwanda. Vizazi vya wazazi wetu havikuikuta mashuleni, na hata leo viwanja vingi inapochezwa ni viwanja vya mpira wa miguu vilivyoazimwa kwa saa chache. Pamoja na hayo, taifa lina shirikisho lake na ligi yake, na wilaya yetu haikubaki nyuma. Klabu ya Resilience ya hapa Rusizi imekuwa miongoni mwa timu zinazokutana na vilabu kama Thousand Hills na Lions de Fer vya Kigali. Ni raga ya ridhaa. Mchezaji halipwi mshahara. Anayevaa jezi Jumamosi ndiye huyo huyo mwanafunzi, fundi, mwalimu au mwendesha pikipiki mnayekutana naye Jumatatu. Safari ya kwenda mji mkuu ni zaidi ya kilomita 200, kupitia msitu wa Nyungwe, na mara nyingi wanaoifanya huchangiana nauli.

Majirani zetu wametutangulia katika mchezo huu, nasi hatuoni haya kujifunza kwao. Kenya imekuwa ikiandaa mashindano ya Safari Sevens jijini Nairobi tangu mwaka 1996, na mwaka 2016 timu yake ya wachezaji saba ilitwaa ubingwa huko Singapore kwa kuifunga Fiji 30 kwa 7 katika fainali. Fiji hiyo hiyo, miezi michache baadaye, ilitwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki jijini Rio de Janeiro. Uganda nayo ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka 2007. Kwa hiyo mzazi wa Gihundwe au Mururu anayedhani kwamba mwanawe ameokota mchezo wa Wazungu peke yao, na ajue kwamba umeshakuwa mchezo wa Afrika Mashariki.

Hesabu ya pointi

Katika raga kuna njia nne kuu za kupata pointi, na kila njia ina thamani yake.

Njia ya kwanza, na iliyo kubwa kuliko zote, ni trai. Mchezaji huvuka mstari wa goli la wapinzani na kuugusisha mpira chini kwa mkono wake. Thamani yake ni pointi 5. Asili ya jina hili inafaa kujulikana. Zamani, kuugusisha mpira chini hakukuleta pointi yoyote. Kulimpa mchezaji haki ya kujaribu kupiga mpira katikati ya nguzo, na kwa Kiingereza jina lake maana yake ni jaribio. Thamani ya jaribio hilo iliongezwa kidogo kidogo, ikawa pointi 4 mwaka 1971, na pointi 5 tangu mwaka 1992.

Njia ya pili ni mkwaju wa nyongeza unaopigwa baada ya trai. Mpira ukipita kati ya nguzo mbili na juu ya mwamba, timu huongezewa pointi 2. Ndiyo maana trai iliyokamilika husemwa kuwa ni pointi 7.

Njia ya tatu ni penalti. Timu moja ikivunja sheria, nyingine inaweza kuchagua kupiga mpira langoni, na ukipita inapata pointi 3. Njia ya nne ni mkwaju wa kudundisha, ambapo mchezaji huuangusha mpira, unadunda, naye anaupiga palepale mchezo ukiendelea. Huo nao ni pointi 3, na huonekana kwa nadra.

Sasa tuyarudie yale matokeo ya 22 kwa 17. Tuseme ni mchezo wa mfano tu, kati ya timu ya bondeni na timu ya mlimani. Timu ya bondeni imefunga trai 3, yaani pointi 15, na mkwaju mmoja wa nyongeza, pointi 2. Jumla ni 17. Timu ya mlimani imefunga trai moja tu, pointi 5, na mkwaju wake wa nyongeza, pointi 2, lakini imepiga penalti 5 zilizoingia, yaani pointi 15. Jumla ni 22.

Tunamwomba msomaji aitazame hesabu hiyo mara ya pili. Timu iliyofunga trai 3 imefungwa na timu iliyofunga trai 1. Vijana wa bondeni hawakushindwa kwa mbio wala kwa nguvu. Walishindwa kwa kuvunja sheria mara tano mahali ambapo mpinzani aliweza kuwaadhibu. Mwenye kuyasoma matokeo ya raga bila kuuliza pointi zilitoka wapi hajayasoma bado.

Kuhusu msimamo wa ligi, mfumo unaotumika katika ligi nyingi duniani ni huu: mshindi hupata pointi 4, sare huleta pointi 2 kwa kila timu, na aliyeshindwa hapati kitu, ila akiwa ameshindwa kwa tofauti ya pointi 7 au pungufu, hupewa pointi 1. Vilevile timu inayofunga trai 4 au zaidi huongezewa pointi 1, iwe imeshinda au imeshindwa. Vijana wetu wa bondeni, walioshindwa kwa tofauti ya pointi 5, wangerudi nyumbani na pointi 1. Mfumo huu unaifundisha timu kutokata tamaa hata dakika ya mwisho, kwa kuwa kupunguza pengo nako kuna malipo.

Tofautisheni pia raga ya wachezaji 15, inayochezwa kwa dakika 80, na ile ya wachezaji 7, ambayo kila kipindi ni dakika 7 tu. Mtu akiwaambia kwamba timu ilicheza mechi tatu kwa siku moja, msidhani anatunga. Hiyo ni raga ya wachezaji 7, inayoandaliwa kwa bonanza.

Kwa nini Polisi inaupenda mchezo huu

Tumesema kwamba penalti ndizo zilizoiangusha timu ya bondeni. Je, penalti hutoka wapi? Hutoka kwa mchezaji aliyemkaba mwenzake juu ya mabega, aliyesimama mbele ya mahali anaporuhusiwa, aliyeng'ang'ania mpira baada ya kuangushwa, au aliyeingia kwenye kundi kwa ubavuni badala ya kupitia nyuma. Na hutoka pia kwa mchezaji aliyemjibu mwamuzi vibaya. Timu iliyokwisha kuadhibiwa, ikiendelea kulalamika, mwamuzi anaweza kuisogeza penalti mbele mita 10. Kulalamika kuna bei, na bei hiyo hupimwa kwa hatua.

Desturi ya mchezo ni kwamba nahodha ndiye anayezungumza na mwamuzi kwa niaba ya wenzake. Vijana wengine, hata wawe warefu na wazito kiasi gani, hunyamaza. Tumewaona wachezaji wenye miili ya kubeba magunia ya saruji wakisimama kimya mbele ya mwamuzi asiyewafikia begani. Anayepewa kadi ya njano hukaa nje dakika 10 katika raga ya wachezaji 15, au dakika 2 katika raga ya wachezaji 7, na wenzake hubeba mzigo wake wakiwa pungufu. Kosa la mmoja huonekana wazi kuwa ni hasara ya wote. Kijana aliyejifunza hivyo akiwa na miaka 16 haitatulazimu tumfundishe upya akiwa na miaka 25.

Ipo kanuni nyingine tunayoipenda, nayo ni kanuni ya faida. Timu ikikosewa lakini mchezo ukaendelea kuwa na manufaa kwake, mwamuzi hapigi filimbi mara moja. Hunyoosha mkono kuonyesha kwamba ameliona kosa, kisha huacha mchezo uendelee. Faida isipopatikana, hurudi pale kosa lilipotendeka. Maana yake ni kwamba sheria imewekwa kwa ajili ya kumlinda aliyekosewa, wala haikukusudiwa kumkatizia shughuli yake. Nasi tunajitahidi kufanya kazi yetu kwa moyo huo.

Hilo ndilo jibu letu kwa wanaouliza kuhusu kugongana. Katika raga vijana hukabana, lakini hukabana chini ya sheria, mbele ya mwamuzi, na filimbi ya mwisho ikipulizwa hupeana mikono. Ugomvi wa mtaani hauna mwamuzi wala filimbi ya mwisho. Hata hivyo, jibu hilo halitoshi, kwa sababu mwili wa binadamu hauulizi kama umegongwa kihalali au la. Hapo ndipo tunapolifikia jambo lililotufanya tuandike.

Jambo tulilolikosea

Miaka kadhaa iliyopita, tulihudhuria mechi ya vijana ambayo hatutaitaja. Zikiwa zimebaki kama dakika kumi, timu moja ikiongoza kwa pointi 4, mchezaji wake mmoja wa pembeni alikaba na kichwa chake kikagongana na goti la mpinzani. Alianguka, akakaa kidogo, akainuka. Watazamaji walimpigia makofi kwa ushujaa wake. Alisema yu mzima. Nahodha wake alimsogelea akamwuliza matokeo ni ngapi kwa ngapi, naye akataja matokeo ya kipindi cha kwanza.

Nahodha hakusita. Alimwita mwamuzi na kumwomba kijana yule atolewe, ilhali wachezaji wa akiba walikwisha kuingia wote. Timu ilimaliza ikiwa na pengo upande ule ule, na trai ya mwisho ya wapinzani ikapita pale pale penye pengo. Wakashindwa kwa pointi 1.

Kwa kuwa ni kazi yetu kutoa habari za vijana na michezo, tuliandika matokeo hayo katika mistari miwili, na tukaongeza kwamba timu ilipoteza ushindi iliokuwa nao mkononi kwa kushindwa kuulinda upande mmoja. Wiki iliyofuata, mama mmoja alifika ofisini kwetu, amejitanda kitenge chake vizuri kama mtu aendaye ibadani. Akasema: "Afande, habari yenu nimesomewa na binti yangu. Mmeandika kwamba walishindwa kuulinda upande mmoja. Upande ule ulikuwa wa mwanangu. Mbona hamkuandika kwamba alitolewa ili asife?"

Hatukuwa na la kumjibu, nasi tulimwomba radhi. Kijana wake alikuwa amepelekwa kwa mganga, akakutwa na mtikisiko wa ubongo, akapumzishwa, akapona. Nahodha aliyempoteza mchezaji na mechi alikuwa ameongoza vizuri kuliko wengi wetu wenye vyeo, nasi tulikuwa tumeandika kana kwamba amefanya uzembe. Tangu siku hiyo tulijiwekea kanuni kwamba matokeo bila habari ya majeruhi si matokeo kamili.

Dalili za mtikisiko wa ubongo

Mtikisiko wa ubongo hutokea pale kichwa, au hata mwili, kinapopata pigo linaloufanya ubongo utikisike ndani ya fuvu. Si lazima mtu azimie. Wengi hawazimii kabisa, na ndiyo sababu huachwa waendelee kucheza.

Dalili zake ni hizi: maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu au kutapika, kuona ukungu au kuona vitu viwili viwili, kuyumba, macho kuwa mazito, kuchanganyikiwa, kusahau kilichotokea, kuuliza swali lile lile mara kwa mara, hasira au kilio kisicho na sababu. Dalili moja tu inatosha.

Kanuni inayofuatwa katika raga ulimwenguni ni nyepesi kuikumbuka: ukitilia shaka, mtoe. Na akishatolewa kwa shaka hiyo mahali pasipo na daktari, asirudi uwanjani siku hiyo, hata akisema yu mzima, hata kama fainali inategemea mguu wake. Ubongo uliotikisika na kupigwa tena kabla haujapona unaweza kuvimba kwa namna ya kutisha, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa vijana wadogo.

Kijana aliyetolewa asiachwe peke yake saa za mwanzo. Asipewe pombe. Asiendeshe pikipiki wala baiskeli kurudi nyumbani. Akizidi kuumwa kichwa, akitapika tena na tena, akisinzia kupita kiasi, akidhoofika mkono au mguu, au akipata degedege, apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi. Akianguka na kulalamika kwamba shingo inauma, au kwamba hausikii mkono au mguu wake, asinyanyuliwe kwa haraka. Aachwe alale alivyo, kichwa chake kishikwe kisitikisike, na huduma ya gari la wagonjwa iitwe kwa namba 912. Huruma ya kumbeba juu juu na kumkimbiza kando imewaletea watu ulemavu wa maisha.

Kurudi mchezoni kuwe kwa hatua: kupumzika kwanza, kisha masomo na kazi nyepesi, kisha mazoezi mepesi, kisha mazoezi yasiyo na kugusana, na mwisho, kwa ruhusa ya mganga, mechi. Mwanafunzi arudi darasani kwanza kabla ya kurudi uwanjani. Dalili zikijirudia, arudi hatua moja nyuma.

Usalama wa uwanja na wa njia

Tarehe 11 Julai 2010, mamia ya watu walikuwa wamekusanyika katika uwanja wa raga wa Kyadondo jijini Kampala. Hawakuwa wakitazama raga. Walikuwa wakitazama kwenye skrini kubwa fainali ya Kombe la Dunia la mpira wa miguu. Mabomu yalilipuka hapo, na jingine katika mgahawa mmoja jijini humo, na watu zaidi ya 70 wakapoteza maisha. Hatulikumbushi tukio hilo ili kuwatia watu hofu. Tunalikumbusha kwa sababu kila mwaka kuna mwandaaji wa mchezo anayetuuliza kwa nini tunataka kujulishwa mapema, na kwa nini tunakagua mifuko mlangoni. Sababu ni hiyo. Penye furaha ya watu wengi pana dhamana ya watu wengi.

Kwa hiyo klabu inayoandaa mechi iwajulishe viongozi wa tarafa na Polisi mapema, itenge njia ya gari la wagonjwa isiyozibwa na pikipiki za watazamaji, na iwaweke watazamaji mbali na mstari wa pembeni.

Kuhusu safari, barabara ya Nyungwe ina kona nyingi, ukungu na magari mazito. Msimlazimishe dereva akimbie kwa sababu mechi inaanza saa tisa. Ondokeni mapema au laleni njiani. Wachezaji wanaotoka kisiwa cha Nkombo na kando ya Ziwa Kivu wavae maboya ya kuokolea kila wanapovuka, hata kama ziwa limetulia kama maji ya beseni.

Tena wilaya yetu ni ya mpakani. Timu inayokwenda au kuja kwa mechi ya kirafiki ipite kwenye vituo rasmi vya mpaka, kila mchezaji akiwa na hati zake, na watoto wakiwa na idhini ya wazazi. Pia kila nahodha akague mfuko wa jezi kabla ya safari. Mtu asiyefahamika, au hata anayefahamika sana, akiwaomba mpeleke kifurushi ambacho hamjui kilichomo, kataeni. Wafanya magendo na wauza mihadarati hupenda kujificha nyuma ya watu wanaoheshimiwa, na timu ya vijana waliovaa jezi moja ni kificho kizuri machoni pao.

Heshima baada ya filimbi

Desturi ya raga ina kile kinachoitwa nusu ya tatu: baada ya mechi, timu mbili hukaa pamoja, hula pamoja na kuzungumza. Ni desturi njema, nasi tunaihimiza. Lakini nusu ya tatu isigeuzwe kuwa ulevi. Kumwuzia pombe kijana aliye chini ya umri wa miaka 18 ni kosa, na jezi ya klabu haimwongezei mtu umri. Chungu cha maharage, ndizi na chai ya maziwa vimejenga urafiki mwingi kuliko chupa.

Tunafurahi pia kuona wasichana wakiucheza mchezo huu. Kwao na kwa wazazi wao tunasema: kocha anayemgusa mchezaji pasipo haki, anayemwita peke yake usiku, au anayeahidi nafasi katika timu kwa malipo ya aibu, huyo si kocha, ni mhalifu. Mtoto anaweza kutoa taarifa kwa namba 116, na mtu yeyote anaweza kupiga 3512 kuhusu ukatili wa kijinsia, au kufika katika kituo cha Isange. Atasikilizwa kwa siri na kwa heshima.

Tunachowaomba vilabu na wasomaji

Tangu mama yule atufunze, tunawaomba vilabu vinavyotuletea matokeo kwa ajili ya jarida hili viandike mambo matano. La kwanza, tarehe, mahali na timu zilizocheza. La pili, matokeo na namna pointi zilivyopatikana: trai ngapi, mikwaju mingapi ya nyongeza, penalti ngapi. La tatu, kadi za njano na nyekundu kwa timu zote mbili. La nne, idadi ya wachezaji waliotolewa kwa kuumia, na kama walipata huduma, bila kutaja majina ya watoto wala siri za wagonjwa. La tano, kama timu zote zimefika nyumbani salama.

Hilo la tano huwafanya wengine watabasamu. Wanauliza, je, kufika nyumbani nako ni matokeo? Tunajibu kwamba kwa mzazi aliyekaa kibarazani Bugarama akisubiri basi la kutoka Kigali, hayo ndiyo matokeo anayoyangoja. Ikiwa timu ilifungwa 40 kwa 3 na wote wamerudi wazima, atalala usingizi. Ikiwa ilishinda 40 kwa 3 na kijana mmoja hakurudi, hakuna kombe litakalomfuta machozi.

Nanyi wasomaji, msisambaze matokeo wala habari za majeruhi kwenye simu kabla hamjathibitisha. Habari ya uongo kwamba mchezaji fulani amekufa imewahi kumfikia mzazi kabla ya mwanawe mzima kufika mlangoni, na dakika zile za kungoja hazirudishiki.

Mtakaposikia tena Jumatatu kwamba vijana wa Rusizi wamepata 22 kwa 17, au wamekosa, ulizeni maswali mawili. Pointi zilitoka wapi? Na vijana wako wapi sasa? La kwanza litawafanya kuwa mashabiki wanaouelewa mchezo. La pili litawafanya kuwa wazazi wa timu nzima.

Kwa dharura yoyote, pigeni simu Polisi kwa namba 112, wakati wowote na bila malipo. Usalama wa mwenzio ni usalama wako.